Bastola na Chombo cha Safari

Silaha ni mtumishi asiye na akili. Leo humtumikia bwana wake, na kesho humtumikia mwizi kwa utii ule ule. Haiulizi aliyeishika ni nani, wala kwa nini ameishika. Kwa sababu hii, katika yote yaliyoandikwa juu ya silaha, sura inayosahauliwa zaidi ndiyo yenye maana kubwa kwa amani ya watu, nayo ni sura ya kuweka. Namna ya kupiga imeandikiwa vitabu vingi. Namna ya kuweka imeachiwa desturi, na desturi mara nyingi hujifunza kwa msiba.

Katika insha hii nataka kueleza habari za jambo moja dogo lililo ndani ya sura hiyo: jinsi bastola ilivyochukuliwa na kuhifadhiwa katika chombo cha msafiri, tangu zama za tandiko la farasi mpaka zama zetu za motokaa. Nitakaa zaidi Marekani, maana huko bastola imekuwa mikononi mwa raia kwa wingi, na huko motokaa ilienea mapema kuliko kwingine. Kwa hivi huko ndiko viwili hivi vilikokutana na kuwasumbua watunga sheria na majaji. Lakini sina budi kuanzia Ulaya, ambako bastola ilizaliwa.

Msomaji atakayenifuata ataona kwamba sheria, katika muda wa karne tano, imeiuliza bastola ya msafiri maswali matatu, moja baada ya jingine. Swali la kwanza lilikuwa: Je, inafichika? La pili: Je, mwenyewe anaifikia? La tatu, ambalo limechelewa sana kuulizwa, ni hili: Je, mtu mwingine anaifikia? Dai langu ni kwamba swali hili la tatu ndilo lililostahili kuwa la kwanza.

Bunduki za kale ziliwashwa kwa utambi uwakao. Mtu aliyekuwa na bunduki ya utambi hakuweza kuificha, maana moto wake, moshi wake na harufu yake vilimtangaza kabla hajafika. Mwanzoni mwa karne ya 16 mafundi wa Ulaya walibuni mtambo wa gurudumu dogo la chuma lililosugua jiwe na kutoa cheche. Ndipo silaha fupi ikaweza kujazwa nyumbani, ikafichwa chini ya joho, na kutolewa ikiwa tayari. Watawala waliitambua hatari hiyo upesi. Kaisari Maximilian wa Kwanza alipiga marufuku silaha za mtambo huo katika miaka ya 1517 na 1518. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1541, katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, ilikataza bunduki ya mkono iliyo fupi kuliko yadi moja. Kipimo kilikuwa urefu, kwa sababu kifupi hufichika. Hilo ndilo swali la kwanza.

Walioruhusiwa kuwa na silaha hiyo bila kuonewa shaka walikuwa askari wapanda farasi. Wao hawakuifutika kiunoni. Mbele ya tandiko, kulia na kushoto, zilining'inia ala mbili za ngozi, na humo ndimo bastola ndefu za tandiko zilimokaa. Tangu mwanzo, basi, bastola ilikuwa mali ya chombo cha safari kuliko ya mwili wa msafiri. Desturi hiyo ilidumu muda mrefu. Mwaka 1847 Samuel Colt, kwa shauri la Kapteni Samuel Walker, alitengeneza bastola ya risasi sita iliyokuwa na uzito wa karibu kilo 2. Chuma kizito namna hiyo kilifaa kuchukuliwa na farasi kuliko kuchukuliwa na mtu, nacho kilikaa katika ala za tandiko. Lakini mpango huo ulikuwa na upungufu ambao kila mpanda farasi aliujua: farasi akikimbia, silaha imekimbia, mpanda akishuka akamwacha farasi mlangoni, silaha nayo imeachwa mlangoni. Na tuukumbuke mlango huo, maana tutaurudia.

Bastola zilipokuwa nyepesi zilihamia kiunoni, zikaleta hatari nyingine. Bastola nyingi za silinda za karne ya 19 zilikuwa na nyundo iliyolala juu ya risasi. Kishindo kimoja kwenye nyundo kilitosha kuifyatua. Mwezi wa Januari 1876, katika mji wa Wichita, Kansas, bastola ya afisa wa polisi Wyatt Earp ilianguka kutoka katika ala yake alipokuwa ameketi kitini, ikalia. Hakuna aliyeumia, lakini gazeti la mji lilitangaza habari ile. Ikiwa jambo hilo lilimpata mtu ambaye silaha ilikuwa kazi yake, tena katika chumba kilichotulia, tufikiri jinsi lilivyoweza kumpata msafiri katika gari la farasi lililorukaruka juu ya mawe. Kwa hiyo wenye busara walijaza risasi tano katika bastola ya risasi sita, na nyundo wakailaza juu ya tundu tupu. Mafundi waliitikia polepole. Kampuni ya Iver Johnson, katika miaka ya 1890, ilitia ndani ya bastola zake kipande cha chuma kinachozuia nyundo isifikie risasi mpaka kifyatuo kivutwe. Na kampuni ya Ruger ilianza kuutumia mtambo wa namna hiyo katika bastola zake za mtindo wa kale mwaka 1973. Miaka mingi ilipita baina ya ujanja wa tundu tupu na chuma kilichoufanya usihitajiwe.

Magari ya umma nayo yalikuwa na mafunzo yake. Mwezi wa Agosti 1784 John Palmer alianzisha gari la barua la farasi baina ya Bristol na London, na nyuma ya magari ya namna hiyo aliketi mlinzi mwenye bunduki ya mdomo mpana na bastola mbili. Silaha hizo hazikuachwa chini ya kiti. Zilikuwa na mtu mmoja aliyejulikana kwa vazi lake, aliyekaa nazo mwanzo wa safari hata mwisho, na sheria ilimtoza faini akipiga risasi njiani bila haja. Hapa kanuni ilikuwa wazi: silaha ndani ya chombo yataka mlinzi, na mlinzi ataka sheria juu yake.

Msafiri wa kawaida, hata hivyo, hakuwa na mlinzi. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya njia ndefu na nyumba chache, na watunga sheria walimhurumia. Mwaka 1813 jimbo la Kentucky lilikataza kuficha bastola ya mfukoni mwilini, likamtoa katika katazo hilo mtu aliye safarini. Mwaka 1871 jimbo la Texas lilikataza raia kuchukua bastola, likamwachia msafiri kuwa na silaha pamoja na mizigo yake. Maneno hayo, pamoja na mizigo yake, yastahili kuangaliwa. Yaonyesha kwamba sheria ilikwisha kuona tofauti baina ya silaha iliyo mwilini na silaha iliyo katika sanduku. Lakini iliacha fumbo moja: msafiri ni nani? Kwa zaidi ya karne moja mahakama za Texas ziliulizana kama ni lazima avuke wilaya, au alale njiani, au aende mbali kiasi gani. Mtu aliyekwenda sokoni na kurudi alikuwa msafiri machoni pake mwenyewe, na mkosaji machoni pa polisi.

Motokaa ilipokuja, fumbo hilo lilizidi. Mwaka 1900 Marekani ilikuwa na motokaa 8,000 tu au karibu na hapo. Kufika mwaka 1930 zilikuwa zaidi ya milioni 20. Safari, ambayo zamani ilikuwa jambo la mara chache katika maisha ya mtu, ikawa jambo la kila asubuhi. Kila mtu akawa msafiri, na ile huruma iliyowekwa kwa ajili ya wachache ikawa haina mpaka. Tena motokaa ilikuwa kiumbe kigeni katika sheria. Ina milango, madirisha na kufuli kama nyumba. Lakini hukimbia, na huachwa usiku kucha kando ya barabara kama nyumba isivyoachwa. Mwaka 1925, katika shauri la Carroll lililohusu pombe ya magendo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi wenye sababu ya kutosha waweza kupekua motokaa bila hati ya hakimu, kwa kuwa chombo kinachokimbia hakingojei hati. Mwaka 1931 jimbo la Pennsylvania liliweka sheria kwamba mtu hana ruhusa ya kuchukua bastola katika chombo chochote cha safari bila leseni, hata kama haikufichwa mwilini. Motokaa yenyewe ilihesabiwa kuwa maficho.

Swali la pili lilijibiwa kwa ukamilifu mwaka 1986. Majimbo yalikuwa na sheria mbalimbali, na mtu aliyeondoka kwake akiwa mwema aliweza kuvuka mpaka akawa mhalifu bila kubadili chochote isipokuwa ardhi iliyo chini ya magurudumu yake. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Reagan mwezi wa Mei mwaka huo ilimpa msafiri njia ya amani: akitoka mahali anaporuhusiwa kuwa na bunduki na kwenda mahali pengine anaporuhusiwa, aweza kupita baina yake, madhali silaha haina risasi ndani, na silaha pamoja na risasi zake hazifikiki kwa urahisi kutoka mahali walipoketi watu. Gari likiwa halina buti lililotengwa na viti, silaha au risasi ziwe katika chombo kilichofungwa kwa kufuli, nacho kisiwe kile kisanduku kilicho mbele ya abiria wala kile kilicho baina ya viti viwili vya mbele. Bunge lilijua kwamba kisanduku cha mbele ya abiria, hata kikifungwa, ki karibu mno na mkono wa dereva. Mkono wa dereva ndio ulikuwa kipimo.

Miaka kumi na miwili baadaye kipimo hicho kilileta mjadala ambao sisi wanafunzi wa lugha hatuwezi kuupita kimya. Sheria nyingine ya Marekani iliongeza kifungo cha miaka mitano juu ya mtu anayechukua bunduki katika biashara ya madawa ya kulevya. Mtu mmoja, Muscarello, alikamatwa akiwa na bangi katika gari lake, na bastola katika kisanduku cha mbele kilichofungwa kwa kufuli. Je, alikuwa ameichukua bastola ile? Shauri lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1998, na majaji wakaanza kupekua kamusi. Jaji Stephen Breyer, akiandika kwa niaba ya majaji watano, alisema kwamba neno la Kiingereza carry asili yake ni neno la Kilatini lililomaanisha gari, na akaleta ushahidi wa Biblia ya Kiingereza na riwaya mashuhuri kuonyesha kwamba mtu huchukua vitu kwa gari kama anavyovichukua kwa mkono. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya wanne waliokataa, alileta naye Biblia na fasihi yake, akasema kwamba kuchukua silaha ni kuwa nayo mwilini. Watano wakawashinda wanne.

Niliwahi kulitoa shauri hili darasani liwe zoezi la tafsiri. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, Kiswahili kingewaokoa majaji hawa. Mtu hufutika kisu kiunoni, hujitwika mtungi kichwani, hueleka mtoto mgongoni, hupagaa mzigo begani, na hupakia shehena chomboni. Bastola ile haikufutikwa, ilipakiwa.” Darasa lilicheka, nami nikacheka. Hata hivyo nilipokuwa nikirudi nyumbani niliona kwamba jibu lake lilikuwa sahihi kwa kamusi lakini halikutosha kwa sheria. Lugha yetu hueleza vizuri mahali kitu kilipo. Haituambii dhamana ya kitu hicho ni ya nani. Aliyefutika silaha na aliyeipakia wote wawili wana dhamana yake, na tofauti iliyopo ni moja tu. Aliyeifutika, akienda, silaha imekwenda naye. Aliyeipakia aweza kwenda akaiacha. Hapo tumeurudia ule mlango alipoachwa farasi.

Baada ya hapo sheria za majimbo mengi zilizidi kumfungulia dereva. Mwaka 2007 Texas ilimaliza lile fumbo la msafiri kwa kumruhusu mtu kuwa na bastola katika gari lake mwenyewe, mradi haionekani na hafanyi uhalifu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba Katiba ya Marekani inalinda haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba kwa kujikinga. Sina nia ya kuhukumu haki hiyo hapa. Ni shauri la Wamarekani. Nataka kuonyesha tu kwamba haki ya kuchukua ilikua upesi, na wajibu wa kuweka ukaachwa nyuma. Tena pana jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mwenye leseni hafiki na bastola yake kila mahali: mahakamani ni marufuku, shuleni ni marufuku, posta ni marufuku. Afikapo mlangoni huivua na kuiacha garini. Kwa hivi kila katazo lililowekwa mlangoni, lenye nia njema, huongeza silaha katika maegesho ya magari. Takwimu za polisi wa miji mingi ya Marekani zimeonyesha katika miaka ya karibuni kwamba gari limeipita nyumba kuwa mahali paibiwapo bunduki.

Misiba miwili itatosha kueleza maana ya takwimu hizo. Mwishoni mwa Juni 2015, huko San Francisco, bastola ya askari wa idara moja ya serikali iliibwa katika gari lake binafsi, ambamo ilikuwa imeachwa ndani ya mkoba, ikiwa na risasi. Siku nne baadaye ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine gatini. Ililia, risasi iligonga sakafu, ikaruka, ikamwua mwanamke kijana aliyekuwa akitembea na baba yake. Mwaka 2017 juri lilimwondolea mtu yule hatia ya mauaji, na mwizi aliyevunja gari hakujulikana. Msiba wa pili ulitokea Milwaukee mwezi wa Aprili 2016. Mama alikuwa akiendesha gari lisilo lake. Bastola iliyokuwa chini ya kiti cha dereva iliteleza ikafika nyuma, alipokuwa mtoto wake wa miaka miwili. Mtoto aliishika, ikalia, na risasi ikapenya kiti ikamwua mama yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mama huyu hakuwa hata na habari ya kilichokuwa chini yake.

Katika misiba hii miwili hakuna swali la kwanza wala la pili linaloweza kutusaidia. Bastola zote mbili zilikuwa zimefichika. Bastola zote mbili zilikuwa karibu na mkono wa mwenyewe alipokuwamo garini. Ni swali la tatu peke yake, kama mtu mwingine anaifikia, ambalo lingaliulizwa kabla lingaliokoa roho mbili. California ililiuliza mwaka 2016, ikaweka sheria kwamba bastola inayoachwa katika gari lisilo na mtu ifungiwe katika buti, au katika sanduku lenye kufuli lisiloonekana. Colorado iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, nayo ilidai sanduku gumu.

Yafaa kukubali kwamba mwenye silaha ana hoja. Atasema: “Nimeichukua ili inikinge, nikiifungia nyuma ya gari itanifaa nini nikivamiwa?” Hoja hii si ya mzaha, lakini yachanganya hali mbili. Awapo garini na sheria ikamruhusu, mahali salama pa bastola ni mwilini mwake, katika ala inayofunika kifyatuo, maana hapo haitelezi na hapana mkono mwingine unaoifikia bila yeye kujua. Atokapo garini, silaha iliyobaki haimkingi tena kwa lolote; yamkinga mwizi. Wakati huo hapana hasara kuifungia, na kuna hasara kubwa kuiacha wazi. Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa mlango, baina ya viti: mahali hapa pote ni pabaya katika hali zote mbili.

Waliozoea kuifanya kazi hii vizuri huifanya kimya. Bastola ya kupelekwa mbali hutolewa risasi nyumbani, mahali penye utulivu, nayo hutazamwa mara mbili, chemba na chombo cha risasi. Hutiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi mahali pengine. Sanduku hufungwa kwa waya mnene wa chuma kwenye mfupa wa kiti au sakafu ya buti, kwa sababu sanduku lisilofungwa mahali ni mzigo mwepesi kwa mwizi. Hayo hufanywa kabla ya kuondoka, si katika maegesho mbele ya macho ya watu. Ufunguo huenda na mwenyewe. Nambari ya silaha huandikwa na kuwekwa nyumbani, ili ikiibwa polisi waambiwe siku hiyo hiyo. Na usiku silaha huingizwa ndani, maana gari, hata likifungwa, lina madirisha ya kioo.

Mtu aweza kuona kwamba ni taabu nyingi kwa chombo kidogo. Mlinzi wa gari la barua wa mwaka 1784 asingaliona hivyo. Yeye alikaa na silaha zake njia nzima, katika baridi na mvua, na hakuwa na ruhusa ya kushuka akaziacha. Sisi tumepata kufuli la chuma ili tuweze kushuka. Anayeshuka bila kulifunga amejipa uhuru ambao mlinzi yule hakuupata, na gharama yake amewaachia watu asiowajua: mtembezi gatini, na mama mwenye mtoto katika gari la kuazima.